Wavuvi wanaohesabu samaki warudishiwe majibu ya hesabu yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hii kazi ya kupima afya ya matumbawe huku kwetu pwani ya Tanga, kazi ambayo wataalamu na wanavijiji wanaifanya pamoja, maana nasikia inaongelewa sana kwenye semina za mjini lakini sisi tunaoifanya huku chini hatusikiki. Mimi ni mkulima wa mwani wilaya ya Mkinga, na kwenye BMU ya kijiji chetu, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, mimi ndo naandika daftari la samaki wanaoshushwa pwani, kwa hiyo ninachosema sijahadithiwa.

Nianze na ombi kabisa ili asiyekuwa na muda wa kusoma yote alipate. Wavuvi na akina mama wanaohesabu samaki na kupima matumbawe warudishiwe majibu ya kile walichohesabu, kwa Kiswahili, hapahapa kijijini, na majibu hayo yawe na nguvu pale tunapoamua mwamba gani ufungwe na upi ufunguliwe. Basi. Mengine yote nitakayosema hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Kwa wasiowahi kuona, kazi yenyewe iko hivi. Mnatoka wakati wa maleleji bahari imetulia, mnafika mwambani, mmoja anazama na tepu ya mita 50 anaitandaza juu ya matumbawe, wa pili anaogelea polepole kuifuata ile tepu huku anahesabu samaki walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande, pono wangapi, changu wangapi, chewa, kangaja, na kila mmoja ana ukubwa gani, anaandika kwenye kibao cheupe cha plastiki alichojifunga mkononi, na anaandika kwa penseli ya kawaida kabisa ya mtoto wa shule, inaandika chini ya maji bila shida yoyote. Wa tatu anakuja nyuma yeye haangalii samaki, anaangalia chini, kila hatua ya tepu imelalia nini, tumbawe hai, tumbawe lililokufa, majani, mchanga au vifusi. Halafu mnapanda kwenye mtumbwi mnalinganisha vibao na hapo ndo mabishano yanaanza. Kijana wa chuo kaandika chewa wa sentimita 40, mvuvi anamwambia huyo hafiki, maji yanakuza, wewe umeona mkubwa. Na kweli maji yanakuza, ndo maana kabla ya kuanza watu wanafundishwa kwa vipande vya mti vilivyokatwa urefu tofauti, vinazamishwa majini kila mtu anakisia, mkitoka mnapima kwa rula. Nimekaa pwani nikaangalia mafunzo ya namna hiyo na nakwambia Mhariri, wavuvi wetu baada ya muda mfupi tu walikuwa wanakisia vizuri sana, kwa sababu mtu anayeuza samaki kwa ukubwa maisha yake yote jicho lake limeshazoea.

Sasa watu wakisikia habari hizi wanadhani ni kitu kipya kimeletwa na wazungu juzi. Tanga hatukuanza juzi. Mwaka 1994 ulianza mradi wa hifadhi na maendeleo ya pwani ya Tanga, mkoa na wilaya zake ndo wenyewe, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, wakisaidia kitaalamu na fedha zikitoka Ireland, wakati huo sisi wa Mkinga bado tuko wilaya ya Muheza. Hali ilikuwa mbaya, baruti inapigwa kila upande ingawa sheria ilishakataza tangu 1970. Vijiji vikaitwa vikakaa, vikaulizwa tatizo ni nini na nyie mnataka nini, na mwisho wake bahari yetu ikagawanywa maeneo 6 ya usimamizi wa pamoja, Boma-Mahandakini, Deepsea-Boma, Mwarongo-Sahare, Mtang'ata, Boza-Sange na Mkwaja-Buyuni. Kila eneo lina vijiji vyake, lina mpango wake, na baadhi ya miamba ikafungwa watu wasivue. Na wanavijiji wakafundishwa kuzama na kupima wenyewe pamoja na maofisa wa wilaya, sio kubeba mitungi ya watu, kupima. Mpaka miaka ya mwisho ya 1990 baruti ilikuwa imeshuka sana, wazee wetu wanaikumbuka ile hali.

Halafu ikarudi. Miaka ya 2000 baruti ikarudi kwa nguvu na mwaka 2007 mradi ukafika mwisho wake. Mwaka 2015 watafiti walisafiri na chombo kutoka Tanga mpaka Mtwara wakiwa wanaburuta vinasa sauti chini ya maji, ndani ya safari hiyo moja wakanasa milipuko zaidi ya 300, mingi yake karibu na Dar es Salaam. Serikali ikaja kukaza kamba kwa kuunganisha vyombo vya ulinzi, hali ikapoa, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Lakini swali langu ni kwamba ile miaka ya katikati wale wanavijiji waliofundishwa kupima walikuwa wapi? Walikuwepo. Walikuwa wanaona kila kitu. Ila tepu imeoza, miwani ya maji imepasuka, mafuta ya boti hakuna, na zile takwimu walizokusanya wao wenyewe ziko kwenye makabati ya ofisi huko, hakuna kijiji kilichobaki na nakala ya kusema jamani angalieni mwamba wetu ulikuwa hivi na sasa uko hivi.

Na tumbawe lililopigwa baruti halirudi kirahisi, hili watu wa bara hawalijui. Linabaki vifusi, vile vifusi vinabingirishwa na mawimbi huku na huku, kitoto cha tumbawe kikitua pale hakipati pa kushika kinasagwa. Yale matumbawe makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo lile unaloweza kulikumbatia lina umri mkubwa kuliko babu yako, na linaondoka kwa chupa moja ya baruti ya mtu anayetaka ndoo mbili za samaki.

Kuna wanaosema mbona wavuvi wanaijua bahari, tepu na vibao vya nini? Nakubali wanaijua, lakini jicho peke yake linadanganya, tena linadanganya polepole. Kijana wa miaka 20 kwetu akirudi na changu wa kiganja anaona kapata samaki mzuri, kwa sababu tangu azaliwe ndo anaowaona. Baba yake anacheka, babu yake angelia. Kila kizazi kinazoea kile kilichokikuta na kinadhani ndo kawaida ya bahari. Daftari halizoei. Nikifungua kurasa za nyuma za daftari langu naona kabisa samaki gani amepungua na gani ametoweka, na nikimwonyesha mvuvi hana la kubisha maana ni yeye mwenyewe alinitajia. Hapo ndo namwona mtaalamu ana maana, yeye analeta kipimo kimoja kinachorudiwa vilevile mwaka hadi mwaka ili cha jana kilingane na cha leo.

Na wataalamu nao bila sisi hawafiki mbali. Mtafiti anakuja mara moja kwa mwaka, akipata fedha, mvuvi yuko mwambani kila maji yanapomruhusu. Kule kusini mwa Kenya, Msambweni, wavuvi ndo waliowaambia watafiti kwamba tafi na chewa wana mahali pao na wakati wao wa kukusanyika kutaga, watafiti wakaenda kuzama wakathibitisha. Ungemaliza maisha yako unatupa tepu ovyo usingewakuta, kwa sababu wanakusanyika siku chache tu za mwezi fulani kisha wanatawanyika. Na hukohuko Kenya utafiti wa miaka mingi ulionyesha jambo ambalo sisi huku tulikuwa tunaliona bila kulielewa. Samaki anayeitwa kikande ndo anayekula wale wadudu wa baharini weusi wa miiba mirefu wanaotuchoma miguu tukienda pweza, mkimvua kikande mkammaliza wale wa miiba wanazaana bila kizuizi, wanaukwangua mwamba mpaka unakuwa uwanja mtupu. Sisi tulikuwa tunalalamika miiba imezidi. Hatukujua tunawala wenyewe walinzi wetu! Baada ya kusikia hilo wapo wavuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, kwetu sasa wakimkuta kikande ndani wanamrudisha, na hakuna aliyewalazimisha, wameelewa tu. Tena Kenya wameshajaribu na madema yenye upenyo wa sentimita 3 pembeni ili samaki wadogo watoke wenyewe, mtaalamu na mvuvi wamekaa wakasuka pamoja. Huo ndo ushirikiano ninaousema mimi.

Nije kwenye joto maana ndo linalonitisha kuliko baruti. Tumbawe ni mnyama, ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo mwani ndo unampa chakula na rangi. Maji yakizidi joto kama digrii moja tu juu ya kile kiwango cha juu kilichozoeleka na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linautema ule mwani linabaki jeupe pee. Bado halijafa hapo, maji yakipoa mapema linaweza kurudi, yasipopoa ndo basi. Mwaka 1998 joto lilipita pwani yetu yote, Mafia kwenye mwamba wa Tutia matumbawe mengi sana yalikufa. Likaja tena 2016. Likaja 2024, na mwezi wa 4 mwaka huo wanasayansi wakatangaza kuwa ni tukio la nne la dunia nzima, na mpaka mwaka 2025 walishasema asilimia 84 ya maeneo ya matumbawe duniani yameguswa na joto la kiwango hicho. Utafiti uliotoka 2021 kuhusu bahari yetu hii ya Hindi ya Magharibi ulisema matumbawe ya ukanda wote, kuanzia huku mpaka visiwani na Afrika Kusini, yako hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Aliyeongoza utafiti ule, David Obura, ni mtu wa pwani hii hii, taasisi yake iko Mombasa, sio mtu wa kuja kwa ndege akaondoka.

Sasa sikiliza Mhariri. Sisi akina mama wa mwani tunalijua hilo joto kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu tunasimama ndani yake. Bamvua, zile siku maji yanatoka mbali sana, la mwezi wa 2 na wa 3 maji yanatoka asubuhi mpaka mchana wa jua kali, yale machache yanayobaki kwenye shamba yanaunguza miguu, ukishika kamba mwani umelainika, vifundo vimeanza kuwa vyeupe, ukitikisa kidogo inakatika yote inakwenda na maji. Ule wa kotonii wenye bei nzuri ndo unatangulia kufa, spinosamu unavumilia kidogo, ndo maana wengi wetu tumehamia spinosamu na kipato kimeshuka. Mwani wetu ukianza kuoza vile, wavuvi hawachelewi kuja na habari kwamba mwambani nako kumekuwa kweupe. Yaani sisi ni taarifa ya mapema inayotembea, tupo pale kila bamvua, bure kabisa, na hakuna mtu ametupa hata namba moja ya simu ya kupiga tuseme maji yamebadilika. Kuna vile vipima joto vidogo vinavyofungwa mwambani vinarekodi vyenyewe miezi na miezi, viwekwe na kwenye mashamba ya mwani tufundishwe kuvisoma, au basi hata kipima joto cha kawaida cha kushika mkononi na kundi la WhatsApp ambalo ndani yake yupo mtu wa TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, au wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar anayejibu. Sio jambo la mabilioni hilo.

Nirudi kwenye kinachoniuma. Kuna timu ilikuja kijijini kwetu, sitaitaja. Watu wazuri tu, wakarimu, wakawachukua vijana wetu wakazama nao, mimi nikawapa daftari langu wakapiga picha kurasa zote. Wakaahidi watarudi kutueleza. Tukasubiri, kusi likapita, kaskazi likapita, tukaanza kuwatafuta. Mwisho wa mwisho tukatumiwa faili kwenye simu, kurasa kibao za Kiingereza na michoro, na pale BMU hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifungua vizuri kwenye kisimu chake achilia mbali kuisoma. Mzee wetu mmoja ambaye alizama nao siku zote zile akaniuliza, mwanangu sasa mwamba wetu ni mzima au mgonjwa? Sikuwa na la kumjibu. Na siku waliporudi wengine na tepu zao nusu ya wavuvi walikataa kutoka nao, na mimi siwalaumu.

Tena kuna hofu ambayo wataalamu wanaiona ndogo lakini kwetu ni kubwa. Mvuvi akikuonyesha samaki wanataga wapi amekupa akiba ya watoto wake. Ukienda ukaandika mahali hapo kwenye ramani ukaitoa hadharani, kesho wanakuja watu wa mbali na nyavu za mtando na majuya wanamaliza kila kitu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuanza lazima tukubaliane kipi kinatoka na kipi kinabaki kijijini, iandikwe, serikali ya kijiji isaini na wao wasaini. Hilo sio kukosa shukrani wala sio kuzuia elimu.

Pale ambapo majibu yanarudi na kijiji kinaamua, mambo yanakwenda. Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga eneo la pweza kwa miezi kadhaa, siku ya kufungua wanapima pweza mmoja mmoja, kila mtu pale ufukweni anaona mwenyewe uzito ulivyopanda, haihitaji ripoti. Jambo hilohilo wenzetu wa Andavadoaka, Madagascar walilianza mwaka 2004. Kuruwitu, Kilifi, wazee na wavuvi walifunga hekta 30 za bahari mwaka 2005 watu wakawaona wamechanganyikiwa, leo wageni wanakwenda kujifunza na mwaka 2017 walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Ikweta. Chumbe, Zanzibar, walinzi wa mwamba ni wavuvi wa zamani, hawana bunduki, wanamwelimisha mvuvi mwenzao anayeingia na wanaandika kila wanachokiona. Kote huko anayehesabu ndo huyohuyo anayeamua, au angalau yuko mezani wakati wa kuamua. Huku kwetu anayehesabu ni mmoja, anayeamua yuko mbali, na anayekatazwa kuvua ni yule aliyehesabu.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yasikilizwe na wanaohusika. Halmashauri zetu za pwani, Mkinga, Tanga Jiji, Muheza, Pangani, ziweke fungu la kupima miamba kwenye bajeti zao za kawaida, mafuta ya boti, tepu, miwani, posho ya siku kwa watu wanaoacha kuvua ili wapime, kwa sababu fedha ya mradi ina tarehe ya kuisha na bahari haina. Ushuru wa samaki mnachukua kila siku pale pwani, mimi ndo ninayeandika, najua mnachukua kiasi gani. Kidogo chake kirudi majini. Vijiji vikipeleka vipaumbele tunaandika zahanati, barabara, madarasa, na ni sawa, ila mwaka huu BMU yetu imekubaliana tuandike na hili, na naomba vijiji jirani waandike pia ili tusionekane ni sisi peke yetu.

Nyie wataalamu, wa vyuo vyetu na wa nje, kibali cha utafiti kiwe na sharti la kurudisha majibu, ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili chepesi, na mtu anakuja kusimama mbele ya mkutano wa kijiji anaulizwa maswali. Pale pwani wanaposhushia samaki uwekwe ubao, tumbawe hai ni kiasi gani mwaka huu na mwaka jana lilikuwa kiasi gani, pono wangapi, chewa wangapi. Mtu anasubiri mnada anasoma. Watoto wakitoka shule wanasoma. Na vijana wetu wanaozama nanyi wapewe cheti kinachotambulika na majina yao yaandikwe kwenye hiyo kazi, wamezama kama nyie mlivyozama. Akina mama nao wasiachwe nyuma eti hawazami, anayekanyaga mwamba kila bamvua kwa ajili ya pweza anaujua mwamba wa juu kuliko mpiga mbizi yeyote.

Maleleji yakifika najua boti zitakuja tena, na sisi tutazipokea kama kawaida yetu. Ila safari hii BMU yetu tumekubaliana, na nimeshaandika kwenye mihtasari, kwamba tepu haitashushwa majini kabla majibu ya safari iliyopita hayajasomwa mbele ya mkutano.

Mkulima wa mwani na mwandishi wa daftari la BMU,
Mkinga, Tanga.